Mbuzi wa shangazi wanahesabiwa mara mbili

"Mama, mbuzi unao wangapi?"

Kijana alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mti, kishikwambi mapajani, kidole tayari juu ya kioo. Alikuwa ameanza vizuri. Alisalimia "mbukwa", salamu ya Kigogo, ingawa lafudhi ilimsaliti kuwa mtu wa pwani, akapokea kikombe cha maji na kukimaliza, kisha akaingia kwenye maswali yake kwa utaratibu: wangapi wanalala na kula hapa, sakafu ni ya nini, paa ni la nini, mnapikia kuni au mkaa, redio ipo, simu ipo. Shangazi alijibu harakaharaka. Kwenye mbuzi ndipo alipotazama kwanza upande wa zizi, akanitazama mimi, akavuta kitenge begani.

"Wawili."

Mbuzi walikuwa watano. Zizi liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa miiba, na pale kijana alipoketi halionekani. Mbuzi mmoja akalia. Kijana hakuinua kichwa. Aliandika mbili, akahamia kwa kuku.

Hiyo ni Chamwino, Dodoma, kijiji nisichokitaja kwa sababu zinazoeleweka. Shangazi ni mjane, analea wajukuu, na ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya maskini ruzuku, kwa miaka sasa. Kijana alikuja kwenye ule upimaji wa kuona kaya zipi hali imeimarika kiasi cha kuhitimu, yaani kutolewa kwenye mpango. Mbuzi jike wa kwanza shangazi alimnunua kwa hela hizohizo za ruzuku, akidunduliza malipo hadi malipo. Waliobaki wamezaliwa hapohapo.

Kwa hiyo aliyesaidiwa alikuwa anaficha ushahidi kwamba amesaidika.

Jambo hili limenisumbua wiki nyingi. Uongo wenyewe haunikoseshi usingizi. Ningekuwa yeye ningesema mmoja. Kinachonisumbua ni kwamba pale chini ya mti hakuna aliyefanya vibaya. Kijana alikuwa na adabu, maswali yalikuwa ya maana, mpango ni mzuri, na shangazi ni mtu mkweli kuliko mimi. Halafu jibu likatoka la uongo.

## Kuku, mbuzi na viatu

Wengi wanasahau kwamba hela za kaya maskini zilijaribiwa kwanza mahali pachache kabla ya kusambaa nchi nzima, na Chamwino palikuwa mojawapo. Wilaya zilikuwa tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vikachaguliwa, nusu vikaanza kulipwa mwanzoni mwa 2010, nusu vikasubiri ili pawepo na kulinganisha. Benki ya Dunia ikaleta watafiti wa kufuatilia.

Matokeo yalichapishwa 2014, na ukiyasoma leo utaona kilichowafurahisha. Watoto wadogo kwenye kaya zilizolipwa waliugua kwa siku chache kuliko wa kaya zilizosubiri. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya ya jamii. Watoto walikuwa na viatu. Na kaya zilikuwa zimenunua mifugo: kuku, na mbuzi.

Viatu vilinigusa. Mtu anapewa hela kidogo, masharti ni kliniki na shule, hakuna aliyemwambia anunue viatu, na bado anavinunua.

(Kuhusu pombe, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwenye maoni: David Evans, mmoja wa watafiti hao, na mwenzake Anna Popova walipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali kuona kama maskini wakipewa hela wanazinywa na kuzivuta. Karibu zote zilionesha kwamba matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, na nyingine zikaonesha yamepungua. Tuendelee.)

Sasa angalia kilichotokea. Mwaka 2014 mbuzi wa Chamwino aliandikwa kwenye safu ya mafanikio. Alikuwa ushahidi kwamba hela imefanya kazi, na taarifa za namna hiyo ndizo zinazowapa mabosi wa Washington na wa Dodoma ujasiri wa kuongeza fedha. Miaka ikapita, mpango ukawa mkubwa, ukafika kwenye hatua ya kujiuliza nani aendelee na nani apishe. Mbuzi yuleyule akahamishiwa safu nyingine: sababu ya kuondolewa.

Shangazi hajasoma taarifa yoyote ya Benki ya Dunia. Lakini hesabu hiyo aliifanya kichwani kwa muda wa kuvuta kitenge begani.

## Hela ilivyofika mpaka kijijini

Wazo lenyewe la kuwapa maskini hela kwa masharti si la kwetu na si la Wazungu pia. Mexico walianza 1997, Brazil wakaunganisha mipango yao 2003, na Benki ya Dunia ikawa ndiyo mchukuzi wa wazo: inaona kinachofanya kazi Amerika ya Kilatini, inakituma kwingine pamoja na wataalamu, dodoso na mkopo. Watu wakisema mashirika haya "yanaleta maendeleo" huwa wanafikiria daraja au kisima. Mara nyingi zaidi yanachosafirisha ni utaratibu. Namna ya kuhesabu. Fomu.

Kwetu fomu hiyo ilikuta TASAF tayari ipo tangu 2000, ikijenga madarasa na zahanati kwa miradi ya vijiji. Mwaka 2012 ikaingia awamu ya tatu, mpango wa kunusuru kaya maskini, kwa mkopo wa dola milioni 220 kutoka kile kitengo cha Benki ya Dunia cha nchi maskini, IDA, huku Uingereza na Sweden nao wakichangia. Mwaka 2019 ukaja mkopo mwingine wa dola milioni 450.

Mkopo, nasisitiza, kwa sababu mtaani bado tunasema "hela za Wazungu". Riba ni ndogo na muda wa kulipa ni zaidi ya miaka 30, lakini ni deni. Mjukuu wa shangazi aliye darasa la tatu atakuwa mlipa kodi wakati deni hilo likiendelea kulipwa.

Kwa muundo wa mwanzo, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezwa 4,000 kama kuna mtoto, na nyongeza nyingine ndogo kwa kliniki na shule, mpaka kikomo cha 38,000. Malipo kila baada ya miezi miwili. Juu ya hapo zikaja ajira za muda: kuchimba malambo, kupanda miti, kutengeneza barabara za vijiji, kwa 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka, zikipangwa kwenye ile miezi ambayo ghala limeisha na mvua bado. Aliyepanga miezi hiyo, awe Mzungu au Mgogo, alijua njaa inaingia lini.

Na uchaguzi wa walengwa? Kwanza mkutano wa kijiji. Watu wanakaa, wanataja wenyewe ni nani maskini wa kijiji chao. Shangazi anaikumbuka siku hiyo vizuri. Jina lake lilipotajwa aliona aibu, halafu kuna mzee akasimama akasema, "Huyu mumsaidie, huyu tunamjua," na aibu ikageuka kuwa kitu kingine ambacho hadi leo hajakipatia jina. Baada ya mkutano ndipo anakuja mtu na dodoso, na majibu yanaingizwa kwenye kanuni ya kompyuta inayokadiria umaskini kwa vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, idadi ya watu, simu, mifugo.

Kanuni iliwekwa kwa sababu nzuri. Bila hiyo, kuna vijiji ambavyo orodha ingekuwa ukoo wa mwenyekiti mwanzo hadi mwisho. Udhaifu wake ni kwamba huku chini kabisa kaya zinafanana mno. Tofauti ya kaya ya 40 na kaya ya 60 kijijini inaweza kuwa bati tatu na redio mbovu. Kompyuta lazima ikate mstari mahali fulani, na popote itakapokata, pande zote mbili za mstari kuna watu wanaolala bila kushiba.

## Semina, halafu daftari

Ukikaa kwenye kazi za miradi, kama nilivyokaa kwa kipindi, neno utakalolisikia mpaka masikio yachoke ni "kujengewa uwezo". Hoteli ya Morogoro, kwa sababu ni katikati na si Dar. Beji shingoni. Chai ya saa nne na sambusa. Makundi ya majadiliano, karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, mtu wa kundi la tatu anayewasilisha kwa dakika 20 alichopewa dakika tano. Jioni unasaini, unapewa posho na nauli. Wiki mbili baadaye ukimuuliza mtu alichojengewa anakumbuka sambusa.

Nilikuwa na dharau hiyo moyoni nilipoanza kuchimba habari za mpango huu. Nilitaka kuandika makala ya kukejeli. Kilichonirudisha nyuma ni utafiti mwingine wa vijiji vilevile 80, uliochapishwa 2019. Safari hii waliuliza watu: mnawaamini viongozi wenu wa kijiji?

Kwenye vijiji vilivyopata ruzuku, imani kwa viongozi waliochaguliwa ilikuwa imepanda. Na ilipanda zaidi kwenye vijiji vilivyokuwa na mazoea ya kufanya mikutano mingi.

Nikarudi kumuuliza shangazi kuhusu mikutano. Akaniambia kabla ya hapo mwenyekiti aliitisha mkutano akijisikia. Baada ya hela kuanza, kamati ilichaguliwa, majina yakasomwa hadharani, malipo yakawa na siku inayojulikana, daftari likawepo. Mtu ambaye hakupata alikuwa na mahali pa kusimama na kuuliza kwa nini. Mtendaji naye ikabidi ajifunze kujibu.

Huo ndio uwezo, kama neno hilo lina maana. Haukujengwa hotelini. Umejengwa kwa kurudia kazi ileile ya kuchosha, miezi miwili baada ya miezi miwili: kuorodhesha, kuhakiki, kulipa, kusikiliza malalamiko, kuorodhesha tena. Fedha za nje zilinunua marudio. Serikali ya kijiji isingerudia vile bila kuwa na kitu cha kugawa, na bila mtu wa nje anayedai taarifa. Nakiri jambo hili sikulitarajia, na linanilazimu niwe na adabu kidogo ninapozungumzia wafadhili.

## Njaa haina cheti

Lakini kuna kuhitimu.

Ugogo, huku kwetu Dodoma, mvua ni moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, ikipenda. Mtama, uwele, alizeti, karanga, zabibu kwa wenye nafasi. Mvua ikikata Februari, mwaka umekwenda. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa kubwa iliyofuata Vita ya Kwanza baada ya majeshi kubeba vijana, ng'ombe na nafaka, halafu mvua nazo zikagoma. Tangu enzi hizo kuna kazi inayoitwa kuhemea: unachukua ulichonacho, mbuzi au nguvu zako, unakwenda kutafuta chakula kwa watu waliojaliwa mvua mwaka huo, unarudi nacho. Mwakani huenda wao ndio watakaohemea kwako.

Kwenye maisha ya namna hiyo mtu hatoki kwenye umaskini mara moja akafunga mlango. Anatoka, anarudi, anatoka tena. Mbuzi ndiyo akaunti yake. Mjukuu akivunjika mkono, mbuzi mmoja. Sare na madaftari ya sekondari, mwingine. Mvua ikikata, wawili kwa mpigo, na kwa bei ya hasara kwa sababu kijiji kizima kinauza wiki hiyohiyo. Watano wa Agosti wanaweza kuwa sifuri Machi.

Takwimu za taifa zinaonesha jinsi mambo yanavyokwenda polepole. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya Watanzania chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Miaka sita, asilimia 1.8. Na hizo ni picha mbili tu zilizopigwa kwa kuachana miaka. Hazioneshi waliotoka na kurudi katikati.

Kwa nini basi mipango hii inapenda sana kuhitimisha watu? Kwa sababu mradi una tarehe ya mwisho. Mkopo una siku ya kufungwa, na siku hiyo lazima pawe na cha kuonesha. Bodi inayoidhinisha fedha haifurahii kusikia "watu walewale, hali yao inapanda na kushuka kama mvua". Inafurahia kusikia waliotoka. Ethiopia waliyaona haya kabla yetu. Mpango wao mkubwa wa namna hii, PSNP, ulianza 2005 kwa fedha za wafadhili wengi, ukiwa na matumaini kwamba baada ya takriban miaka mitano kaya nyingi zitakuwa zimehitimu. Hazikuhitimu kwa kasi hiyo. Mwaka 2015 El Niño ikaleta ukame, na zaidi ya watu milioni 10 wakahitaji chakula cha msaada.

Hapo ndipo nilipofikia, nikadhani makala imekamilika. Wafadhili wana haraka, maskini wana misimu, basi.

## Jirani

Kisha nikaongea na jirani wa shangazi.

Ni mama wa makamo. Hakuwahi kuwa kwenye orodha. Msimu wa kuandikisha alikuwa Kilosa, amekwenda kufanya vibarua vya mashamba, na aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna wa kumlaumu. Aliyeandikisha aliandikisha aliowakuta. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua, za watoto, nikamweleza kwamba shangazi ana wasiwasi wa kuondolewa.

Alicheka kidogo.

"Mwanangu, shangazi yako namwombea mema, tumezeeka pamoja hapa. Ila yeye ana mbuzi watano. Mimi nina nini? Wangemtoa yeye wakaniingiza mimi, ingekuwa vibaya?"

Sikuwa na jibu.

Kijiji kizima kinajua idadi ya mbuzi wa shangazi. Kishikwambi peke yake ndicho kisichojua.

Na fedha ni zilezile. Kama hakuna anayetoka, hakuna anayeingia, na kutetea kwangu misimu ya umaskini kunaishia kuwatetea waliowahi foleni. Mtu wa mipango aliyeketi ofisini akihesabu waliohitimu huenda anamfikiria mama huyu kuliko mimi niliyekuwa namfikiria shangazi yangu. Nilikaa na hilo siku kadhaa, na sikulipenda.

Mwishowe nikaona kwamba malalamiko ya wawili hawa yanagonga mahali pamoja. Shangazi anaogopa kutoka kwa sababu anajua hakuna mlango wa kurudia. Jirani hakuingia kwa sababu mlango ulifunguliwa msimu mmoja akiwa hayupo. Tuseme jirani angeweza kwenda kwa mtendaji Februari, siku unga ulipoisha, akaandikwa na kuhakikiwa. Na kama shangazi angekuwa na hakika kwamba mbuzi wakiisha anaweza kufanya vivyo hivyo, nadhani angesema watano. Pengine angejivuna kusema watano.

Uandikishaji wetu huja kwa mawimbi ya mradi. Shida haiji kwa mawimbi ya mradi.

## Wasipouliza mbuzi

Kuna mahali wamelitatua hili kwa njia nyingine, na si mbali.

Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Tajiri anapata, maskini anapata. Hawaulizi paa, hawaulizi mbuzi, wanauliza umri. Mashirika ya nje yalisaidia kwenye utafiti na hesabu za gharama, lakini fedha zinatoka hazina ya Serikali ya Mapinduzi. Unaweza kubisha kwamba ni kuwapa hela wasiohitaji, na wapo wanaobisha. Ila hakuna bibi wa Pemba anayeficha chochote nyuma ya nyumba.

Kaskazini mwa Kenya wana njia ya tatu, na hii ndiyo iliyonishika zaidi. Mpango wao wa kukinga njaa, HSNP, ulianza kwa fedha za Uingereza kwenye kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Kwenye awamu ya pili, iliyoanza 2013, walijaribu kuandikisha karibu kaya zote za kaunti hizo, zaidi ya 370,000, na kuzifungulia akaunti za benki. Takriban 100,000 zilizo maskini zaidi zililipwa kila miezi miwili. Zilizobaki hazikulipwa mwaka wa kawaida. Lakini picha za setilaiti zilipoonesha mimea imekauka kupita kiwango kilichowekwa, malipo ya dharura yaliingia kwenye akaunti zao pia, bila dodoso jipya, bila mkutano, kwa sababu majina yalikuwepo tayari.

Nilipolielewa hilo nilifikiria ng'ombe wa Turkana wanaouzwa kabla hawajafa, na mbuzi wa Machi wa Chamwino. Kuandikisha watu kabla ya shida kuna gharama, na katika mwaka mzuri kunaonekana ni kupoteza fedha. Serikali ya Kenya baadaye ikabeba sehemu kubwa ya malipo ya kawaida, kadiri mchango wa Uingereza ulivyopungua. Si kwamba mambo ni shwari. Malipo ya kuchelewa yanalalamikiwa huko kama kwingine. Lakini orodha ipo, na mwenye orodha ni mamlaka ya ukame ya Kenya yenyewe.

## Wakifunga virago

Hili nalo lisingekuwa la dharura kama wafadhili wangekuwa palepale. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai mosi USAID, shirika lake la misaada lililokuwepo tangu 1961, ikafungwa na mabaki yake kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Uingereza ilishaifuta DFID, wizara yake ya misaada, kama wizara inayojitegemea mwaka 2020, ikapunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, na sasa imetangaza kwamba ifikapo 2027 itakuwa 0.3.

Sina machozi ya kulia wala shangwe ya kupiga. Waliotegemea dawa kutoka kwenye miradi ile wana haki ya kuogopa, na anayeshangilia "tujitegemee" bila kusema nani atalipia dawa za mwezi ujao anacheza na roho za watu. Kwa mpango wa kaya maskini tishio ni la aina nyingine. Benki ya Dunia bado ipo na bado inakopesha. Lakini mkopo utafungwa siku moja, na siku hiyo kitu cha kuuliza ni kimoja: mtendaji wa kijiji atabaki na nini mezani?

Atabaki na daftari. Atabaki na watu waliozoea kuitwa mkutanoni na kudai majibu. Atabaki na orodha ya majina, yenye makosa, yenye mbuzi watatu waliopungua, lakini orodha. Miaka 20 iliyopita hakukuwa na ofisi nchini ambayo ingeweza kukutajia kwa majina kaya maskini za kijiji fulani cha Chamwino. Sasa ipo. Hicho ndicho nitakachowatetea wafadhili kwacho mbele ya yeyote.

Wasichoweza kutupa ni uamuzi wa kuiacha orodha hiyo wazi mwaka mzima, kwa sababu huo haulipiwi na mkopo wenye tarehe ya mwisho. Unalipiwa na kodi, mwaka hadi mwaka, wakati hakuna mgeni wa kuoneshwa wala taarifa ya kufunga mradi. Ikulu yenyewe sasa iko Chamwino, wilaya moja na zizi la shangazi, na Bunge liko mjini Dodoma, mwendo mfupi kwa daladala. Umbali si kisingizio tena.

Bajeti ikisomwa Juni, nitalitafuta fungu la kaya maskini, na safu nitakayoisoma kwanza ni ile ya fedha za ndani.